Kitana Juu ya Makaa

Kiswahili cha mitaani hakina haya katika jambo hili. Mwanamke aliyepitisha kitana cha moto kichwani hasemi kwamba amenyoosha nywele. Husema amechoma nywele, na anayemsikia haulizi ilikuwaje wala hampi pole. "Jumamosi nakuja unichome," msichana humwambia msusi wake, kama mtu anayeagiza mahindi. Weusi wa Marekani, ambao kwao desturi hii ilikomaa kabla ya kutufikia sisi, walichagua neno la dobi wakasema wanapiga nywele pasi. Sisi tulichagua neno la jikoni. Nimelitafakari neno hilo kwa miaka mingi, kwa sababu naona limebeba hukumu ndani yake: kilichochomwa kikiungua, nani alaumiwe kama si mwenyewe? Hukumu hiyo ilimwangukia mama yangu mkubwa, naye aliibeba mpaka kaburini. Katika kurasa hizi nataka kuipitia historia ya kitana hicho kwa utaratibu, tangu kilipotoka mpaka kilipotufikia, nipate kuona kama hukumu ile ilikuwa ya haki.

Mama Mkubwa alikuwa mchomaji wa nywele mjini Tanga katika miaka ya 1960 na 1970. Hakuwa na saluni. Neno lenyewe wakati huo lilikuwa la wakubwa. Alikuwa na uwanja wa nyuma wa nyumba ya kupanga, kigoda, jiko la mkaa, kopo la mafuta ya mgando, na vitana viwili vizito vya chuma vyenye mipini ya mti. Kimoja kikiwa kichwani, kingine kilikuwa juu ya makaa. Kabla ya kukigusisha kwenye nywele za mtu alikipitisha juu ya kipande cha gazeti. Karatasi ikigeuka rangi ya chai, alikipunga hewani kwanza. Ikibaki nyeupe, alianza kazi. "Shika sikio, mwanangu," ndiyo amri iliyosikika zaidi uwanjani pale, maana ncha ya sikio ndiyo iliyokuwa ikipata ajali. Mafuta yalichemka kwa sauti ndogo, moshi ukapanda, na harufu ile, ambayo aliyewahi kuinusa hahitaji kuelezwa, ilikaa kwenye khanga zilizoanikwa hadi kesho yake.

Ile karatasi ndiyo iliyonishangaza baadaye, niliposoma habari za Paris. Huko, mwaka 1872, kijana aitwaye Marcel Grateau, aliyekuwa akitengeneza nywele za wanawake wasio na uwezo mkubwa katika mitaa ya Montmartre, alianza kutumia koleo la chuma lililopashwa moto juu ya ndimi za gesi ili kuzipa nywele mawimbi. Kwanza alishindwa kupata wateja hata kwa bei ndogo. Baadaye mabibi wakubwa walikuwa wakigombea nafasi, naye akatajirika akastaafu mapema. Mafundi wa mtindo wake walijaribu koleo juu ya karatasi: ikiungua, chuma ni cha moto mno. Sidhani Mama Mkubwa alipata kusikia jina la Marcel. Chuma cha moto kina shule yake yenyewe, na karatasi ndiyo mwalimu wa bei nafuu kuliko wote.

Jambo la kukumbuka hapa ni kwamba chombo hiki hakikuanza kwa mtu mweusi. Wanawake wa Kizungu wenye nywele za mawimbi walitaka ziwe nyoofu, na wenye nyoofu walitaka ziwe na mawimbi, na kila upande ulikubali kuunguzwa. Vitana vya moto viliuzwa katika maduka na orodha za mauzo za Marekani kabla ya karne ya 19 kwisha. Mjerumani Karl Nessler, aliyebuni mashine ya kwanza ya kutia nywele mawimbi ya kudumu, alifanya majaribio yake ya mwanzo kichwani mwa Katharina Laible, ambaye baadaye akawa mkewe, na inaelezwa kwamba mara za kwanza nywele ziliteketea na ngozi ikaungua. Huyo bibi angefaa kutajwa mara nyingi zaidi ya anavyotajwa.

Halafu kuna Madam C. J. Walker, na hapa sina budi kukaa kidogo, kwa kuwa jina lake limezungushiwa hadithi ambayo si ya kweli. Wengi huamini kwamba ndiye aliyebuni kitana cha moto. Hakukibuni. Alizaliwa Desemba 1867 huko Delta, Louisiana, akaitwa Sarah Breedlove, mtoto wa kwanza katika familia yake kuzaliwa huru baada ya utumwa. Akiwa na miaka 7 alikuwa yatima, akiwa na miaka 14 aliolewa, na akiwa na miaka 20 alikuwa mjane mwenye mtoto. Alifua nguo za watu St. Louis kwa ujira usiofika dola 2 kwa siku. Na nywele zake zilikuwa zikimwishia kichwani.

Kwa nini zilikuwa zikiisha? Si kwa sababu ya kitana. Maskini wa wakati ule, weusi kwa weupe, hawakuwa na maji ya bomba ndani ya nyumba. Kichwa kilioshwa mara moja kwa mwezi, wakati wa baridi hata zaidi ya hapo, na sabuni iliyotumika ilikuwa kali. Ngozi ya kichwa ilijaa mba na vidonda, na nywele zikapukutika. Dawa iliyomfaa Sarah ilikuwa ya kuosha kichwa mara kwa mara na kupaka marhamu yenye salfa, kitu ambacho waganga walikuwa wakikitumia kwa maradhi ya ngozi zamani kabla yake. Alikwanza kuwa wakala wa mwanamke mwingine mweusi, Annie Turnbo, ambaye baadaye aliitwa Annie Malone na ambaye mwaka 1918 alifungua Chuo cha Poro huko St. Louis. Mwaka 1905 Sarah alihamia Denver, mwaka uliofuata akaolewa na Charles Joseph Walker, na chini ya jina la mume wake akaanza biashara yake mwenyewe. Wakati alipofariki, Mei 1919, alikuwa na kiwanda Indianapolis, jumba kubwa kando ya mto Hudson, na maelfu ya mawakala wanawake ambao kabla ya hapo kazi zao zilikuwa mbili tu, kufua na kupika katika nyumba za wengine.

Kitana kilikuwemo katika utaratibu wake, hilo halifichiki: kichwa kilioshwa, kikapakwa marhamu, kisha kikapitishwa kitana cha moto kwa wepesi. Lakini yeye mwenyewe alichukia kuitwa mnyoosha nywele, akakanusha hadharani, akisema kazi yake ni kuotesha nywele na kuitunza ngozi ya kichwa. Wakosoaji wake walidhani ni maneno ya biashara. Mimi namwamini kwa kiasi, kwa sababu nimeona uwanjani pale Tanga kwamba watu wawili wanaweza kuketi kwenye kigoda kimoja kwa haja mbili tofauti. Mmoja anataka nywele za singa. Mwingine amechoka kulia kila akichanwa, anataka wiki mbili za amani. Mwandishi akiwa mbali atawaita wote wawili watumwa wa kasumba.

Sasa tuingie ndani ya unywele wenyewe. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, ile ile ya kucha na pembe za ng'ombe. Juu umefunikwa na magamba membamba yaliyolaliana kama vigae vya paa. Ndani mna nyuzi zilizosokotwa kama kamba ya katani. Nyuzi hizo zimeshikana kwa vifungo vya namna mbili ambavyo vinatuhusu. Viko vifungo hafifu vya haidrojeni, ambavyo maji na joto huvifungua, na viko vifungo vya salfa, ambavyo ni vigumu na huhitaji kemikali kali. Kitana cha moto hufungua vile vya kwanza. Unywele ukiwa umefunguka unavutwa, ukipoa unajifunga katika umbo jipya, na hapo ndipo unapong'aa na kulala. Ikija mvua, au jasho la ngoma ya harusi, maji yanavifungua tena na unywele unarudi ulikozaliwa. Kila binti wa Tanga alilijua hilo bila kufundishwa kemia. Ndiyo maana mvua ya ghafla ilimfanya akimbie akiwa amejifunika kichwa hata kama gauni linalowa.

Aliyelifafanua jambo hili kwa mara ya kwanza kwa vipimo alikuwa mtaalamu wa sufi, William Astbury wa Chuo Kikuu cha Leeds, mji wa viwanda vya nguo huko Uingereza. Katika miaka ya 1930 alipitisha miale ya eksirei katika sufi na nywele za watu, akaona kwamba unywele uliolegea una umbo moja ndani yake na unywele uliovutwa ukiwa na unyevu na joto una umbo jingine. Kazi hiyo ilifanywa kwa ajili ya wafumaji wa sufi, si kwa ajili ya wasusi, lakini ndiyo iliyoeleza alichokuwa akikifanya Mama Mkubwa kila Jumamosi.

Tatizo ni kwamba joto halina breki. Keratini kavu ikivuka nyuzi 200 za Selsiasi hivi, si vifungo hafifu tu vinavyofunguka. Protini yenyewe huanza kuharibika, magamba hupasuka na kujikunja, na unywele haukumbuki tena umbo lake la asili. Ukiloweshwa, nywele za pembeni zinajikunja na huu mmoja unabaki umenyooka kama unyasi mkavu. Tena ukipashwa joto ungali mbichi kwa maji ni hatari kubwa zaidi. Maji yaliyofungiwa ndani huchemka na kuwa mvuke, na mvuke ukikosa njia hutengeneza mapovu ndani ya unywele. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba koleo la umeme lenye nyuzi 125 tu, likishikwa dakika 1 juu ya nywele zenye unyevu, hutosha kuleta mapovu hayo. Chini ya hadubini unywele wa namna hiyo unafanana na mkate uliopasuliwa. Basi wale wazee waliokuwa wakisisitiza kwamba nywele zikauke juani mpaka ndani kabla ya kitana kugusa, walikuwa na akili kuliko wengi wanaotoka bafuni leo wakashika pasi ya nywele papo hapo.

Je, unywele ulioungua unatibika? Hilo ndilo swali ambalo biashara nzima ya chupa na makopo imejengwa juu yake, na jibu lake ni fupi. Hautibiki. Unywele uliokwisha kutoka nje ya ngozi hauna damu, hauna neva, hauna chochote kinachoweza kupona kama kidonda kinavyopona. Kinachoitwa matengenezo ni kuziba nyufa. Dawa zenye protini iliyosagwa hujaza mashimo kwa muda, mpaka zioshwe. Mafuta na losheni hulaza magamba ili yasikwaruzane. Stimu ya saluni hulainisha kwa siku chache. Havina ubaya, mradi mtu ajue ananunua nini. Vibandiko havikuwa mguu mpya.

Mafuta ya nazi nayaweka peke yake. Mwaka 2003 watafiti wawili wa India walichapisha matokeo kwamba, kati ya mafuta matatu waliyoyapima, ni ya nazi tu yaliyopunguza upotevu wa protini katika nywele, zilizoharibika na zisizoharibika, yakipakwa kabla au baada ya kuoshwa. Mafuta ya alizeti na yale ya madini hayakufanya hivyo. Sababu yake ni kwamba asidi iliyo nyingi ndani ya nazi ina chembe ndogo na nyoofu, inapenya hadi ndani badala ya kukaa juu. Msomaji mwangalifu atataka kujua kwamba watafiti hao walikuwa waajiriwa wa kampuni inayouza mafuta ya nazi. Nimelitaja ili nisije nikaonekana namficha mtu jambo. Hata hivyo bibi zetu wa Pwani, ambao hawakuwa na hisa katika kampuni yoyote, walikuwa wakipaka tui lililochemshwa likatoa mafuta kabla ya kuosha kichwa, wakakaa nayo mchana kutwa.

Wao hata joto walikuwa nalo, ila la adabu. Mwanamwali aliyeoshwa nywele alizikausha juu ya chetezo cha udi. Moshi wa vuguvugu ulizipita, ukaacha harufu, usiunguze. Na waliotaka nywele zilizonyooka walisukwa kwa uzi. Uzi mweusi ulizungushwa kutoka kwenye shina hadi ncha mpaka kila fungu likasimama kama kijiti, na baada ya wiki ukifunguliwa, nywele zilikuwa zimevutika bila moto wala dawa. Sijui ni kwa nini uzi ulikuja kuonekana ushamba. Nadhani ni kwa kuwa ulionekana: kitana cha moto kilificha kazi yake, na uzi uliionyesha.

Kwa matengenezo yaliyobaki, mkasi ndio mkuu. Unywele hukua kiasi cha sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo aliyeungua akiwa na subira anakata ncha kidogo kidogo huku mpya zikija kutoka chini; asiye na subira ananyoa aanze upya. Mpaka unapokutana mpya na ulioungua ndipo unapokatikia, basi pasichanwe pakiwa pakavu, wala pasisukwe kwa kukazwa. Ukichana, anza nchani ukipanda kwenda kwenye shina. Na kama lazima joto litumike, liwe mara moja, juu ya nywele zilizooshwa na kukauka kabisa, kwa chombo chenye kipimo, chini ya nyuzi 180 kwa nywele laini au zilizodhoofika. Hayo yote yanaweza kuandikwa nyuma ya bahasha, ndiyo maana hakuna anayeyauza.

Nirudi kwenye historia yetu. Kitana kilitufikia kwa njia za mabaharia, wamishonari, majarida yenye picha na ndugu waliofanya kazi Nairobi na Mombasa. Kufikia Uhuru kilikuwa kitu cha kawaida mijini. Kisha siasa ikaingia kichwani. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza tarehe 1 Januari 1969, ya kupiga vita sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana, kwa hoja kwamba ni mambo ya kuiga yasiyofaa utamaduni wa taifa. Barua kwa wahariri zilimiminika kwa miezi, nyingine za kuunga mkono, nyingine za wanawake waliouliza ni kwa nini utamaduni wa taifa unatafutwa kwenye miili yao tu wakati suti na tai za wanaume hazitajwi. Uganda nako Idi Amin alipiga marufuku sketi fupi mwaka 1972. Mama Mkubwa, aliyekuwa na kadi ya chama na alihudhuria mikutano, aliendelea kuweka vitana vyake juu ya makaa, ila alihamisha jiko kutoka ukumbini kwenda uwanja wa nyuma.

Miaka ya uhaba, mwanzoni mwa 1980, ilimfaa zaidi. Sabuni ilikuwa ya foleni na vipodozi vya dukani havikuwapo, lakini mkaa na chuma vilikuwapo. Kilichomtoa kazini ni ruhusa ya mwaka 1984, wenye fedha zao za kigeni walipokubaliwa kuleta bidhaa, na baada yake zile nyakati za Rais Mwinyi ambazo watu waliziita za ruksa. Dawa za nywele zikafika. Hizi zilikuwa na historia yake zenyewe: Garrett Morgan, mweusi wa Cleveland, aliuza ya kwake tangu mwaka 1913, wanaume wa Harlem walipakana mchanganyiko wa magadi makali, mayai na viazi ambao Malcolm X aliusimulia kwa uchungu katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1965, na George Johnson wa Chicago, aliyeanza mwaka 1954, alijenga kampuni iliyoingia kwenye soko la hisa mwaka 1971. Dawa huvunja vile vifungo vya salfa, kwa hiyo mvua haikuwa tena adui. Ikafuata kalikiti, iliyotia mafuta kola za mashati ya nchi nzima. Wateja wa Mama Mkubwa walihama mmoja mmoja, na waliporudi kusalimia walimweleza kwamba dawa nayo, ikizidi dakika, inachoma. Neno lilikuwa lile lile.

Lakini wakati huo yeye mwenyewe alikuwa ameacha kuvua mtandio mbele ya watu. Nywele zilikuwa zimeanza kumwisha utosini alipokuwa na miaka arobaini na kitu. Kwanza sehemu ndogo kama sarafu, ikawasha, kisha ikapanuka kwenda pembeni, ngozi ikabaki laini na inayong'aa, bila hata alama ya vinyweleo. Alikwenda hospitali. Daktari alimwuliza swali moja, kama anachoma nywele, akajibu ndiyo. Daktari akaandika, akamwambia ameyataka mwenyewe. Mtaani walisema hivyo hivyo kwa lugha nyingine: amechoma watu mpaka moto umemrudia. Mwanamke mmoja ambaye Mama Mkubwa alikuwa amemtengeneza siku ya harusi yake alidai kwamba hata yeye nywele zinamdondoka, na kwamba ni ya vitana vile.

Daktari hakuwa amelitoa jambo hilo kichwani mwake. Mwaka 1968, mwaka ule ule wa Operesheni Vijana, madaktari watatu wa Marekani, LoPresti, Papa na Kligman, walichapisha maelezo ya ugonjwa huo kwa wanawake weusi wakauita upara wa kitana cha moto. Nadharia yao ilikuwa kwamba mafuta ya mgando yaliyochemka huteremka kwenye unywele hadi ndani ya kinyweleo, yakaunguza na kuacha kovu. Maelezo hayo yalikuwa na mantiki, wagonjwa wengi walikuwa kweli wamechoma nywele, na jina likaingia vitabuni.

Mwaka 1992 madaktari wawili, Sperling na Sau, walirudia uchunguzi. Walikuta wagonjwa ambao historia yao haikulingana na kitana hata kidogo: wengine walikitumia kwa nadra, wengine ugonjwa uliendelea miaka baada ya kukiacha. Jina likabadilishwa. Baadaye Afrika Kusini daktari wa ngozi Ncoza Dlova wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal alikuwa akiwaona mama na binti na dada wa nyumba moja wakiwa na upara wa aina hiyo, akaanza kuandika juu ya urithi. Na mwaka 2019, yeye na wenzake wa Israeli na Marekani walichapisha kwamba katika wanawake 58 waliowapima, 14 walikuwa na hitilafu katika jeni iitwayo PADI3, ambayo kazi yake ni kusaidia kuujenga unywele uwe imara tangu ndani ya ngozi. Takriban mmoja kati ya wanne. Kwa hao, unywele ulizaliwa dhaifu kabla chuma hakijapashwa.

Sisemi kwamba kitana hakina kosa. Hao watatu wengine kati ya wanne hawajaelezwa bado, na madaktari wengi wanaona kwamba kuvuta, kukaza, kemikali na joto vinaweza kuharakisha mambo kwa aliye na udhaifu huo. Lakini kuna umbali mkubwa kati ya kusema moto unazidisha na kusema umejitakia. Moto huharibu unywele uliokwisha kutoka nje. Huo unakatika, unakatwa, na mwingine unaota. Kilichomtokea Mama Mkubwa kilikuwa chini ya ngozi, mahali ambapo kitana chake hakikufika. Alifariki mwaka 2007, miaka 12 kabla ya matokeo yale kuchapishwa, akiwa ameomba kwamba wakati wa kumwosha wawepo binti zake tu.

Tofauti hii si ya heshima ya marehemu peke yake. Kinyweleo kikishageuka kovu hakioti tena kitu, lakini ugonjwa ukiwahiwa unaweza kuzuiwa usienee. Mwenye kuambiwa kwamba ni adhabu ya urembo hukaa nyumbani akaona aibu mpaka umechelewa; mwenye kuambiwa kwamba ni ugonjwa unaoweza kuwa wa ukoo huwatazama dada zake utosini. Binti mkubwa wa Mama Mkubwa hajachoma nywele maisha yake yote. Aliapa hivyo tangu utotoni, kwa hofu ya yale aliyoyaona, akawa anasuka twende kilioni na kujifunika. Mwaka 2021 alinipigia simu akasema utosi unamwasha. Nilimsindikiza hospitali, si ile ya zamani. Daktari, msichana mdogo wa kuweza kuwa mjukuu wa Mama Mkubwa, alimtazama kwa kioo chenye taa, akamwuliza kama amewahi kuchoma nywele. Dada akajibu hapana. Daktari akaandika, kisha akauliza, "Na mama yako, nywele zake za utosini zilikuwaje?"